Usisafirie nyota ya mwenzio: kutoka kamba ya nahodha hadi kishikwambi cha rubani

Rafiki yangu mmoja anarusha ndege ndogo ya injini moja hapa pwani. Dar, Bagamoyo, Saadani, Unguja, ndiyo njia zake. Juzi kaniuliza swali: anunue GPS ya mkononi iliyotengenezwa maalumu kwa marubani, au achukue kishikwambi, akipakie programu ya ramani, akifunge gotini, maisha yaendelee?

Mimi si rubani. Mimi ni mwandishi wa habari, na ndege naijua kama abiria anayeng'ang'ania mkono wa kiti. Lakini napenda historia, na swali hili pwani yetu imelijibu mara nyingi kabla ndege hazijakuwepo. Kila zama zilikuja na kifaa chake cha kumwambia msafiri yuko wapi, na kila kifaa kilikuwa na siku yake ya kukataa kazi. Kwa hiyo swali la mwisho si kifaa kipi kizuri zaidi. Swali ni: kikizima katikati ya mlango wa bahari, umebaki na nini?

Haya, twende pole pole.

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili kinatunza siri. Rubani, kabla hajawa mtu wa angani mwenye miwani ya jua, alikuwa mtu wa baharini: yule anayejua njia na kukiongoza chombo kipite salama kwenye miamba. Dira, ambayo siku hizi tunaisikia zaidi kwenye hotuba za mipango ya maendeleo, ni chombo cha kuonyesha kaskazini. Hata huo upande wa kaskazini wenyewe tumeupa jina la upepo, kaskazi, na kusini jina la upepo wa kusi. Watu waliotengeneza lugha hii walijua waendako kwa kuangalia upepo unatokea wapi. Kwa hiyo rafiki yangu anaponiuliza habari za GPS, nasikia swali la zamani limevaa nguo mpya.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kifaa kilichoitwa kamal. Usifikirie mambo makubwa: ni kibao kidogo cha mbao chenye kamba ya mafundo katikati. Unashika kibao mbele ya uso, unauma fundo, unakilinganisha chini na upeo wa bahari na juu na nyota. Fundo likikubali, umejua nyota iko juu kiasi gani, na kwa hiyo umejua uko mbali kiasi gani kaskazini au kusini. Kifaa cha mfukoni, hakina betri, kikilowa unakianika.

Lakini kina kasoro, na kasoro hiyo inatuhusu sisi. Nyota rahisi kuliko zote kwa kazi hiyo ni ile ya ncha ya kaskazini, na Bagamoyo iko zaidi ya digrii sita kusini mwa ikweta. Huku kwetu nyota hiyo haionekani kabisa, imezama chini ya upeo. Nahodha aliyetoka Oman au Bara Hindi, alipofika maji yetu, nyota yake kuu ilikuwa imemwaga. Ilibidi ajue nyota nyingine za kusini, kama suheli, na zaidi ya hapo aijue pwani yenyewe: rangi ya maji, midomo ya mito, minazi iliyopangana na kilima fulani, na bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina. Ahmad ibn Majid, baharia na mwandishi mkubwa wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliandika vitabu na tenzi za elimu hii, na mwambao wetu hadi Sofala umo katika kazi zake.

Wapo wanaosema ni yeye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali hadithi hiyo. Lakini kwamba Mreno yule alipewa rubani mwenyeji pale Malindi, hilo halina ubishi. Alifika pwani yetu na meli nzuri, mizinga na dira, lakini bahari ya mbele yake hakuijua, ikabidi asafirie nyota ya mwenzio. Ilimfikisha Calicut mwezi Mei. Naam, nyota ya mwenzio huwa inafikisha. Tatizo ni kwamba mwenye nyota ndiye mwenye uamuzi.

Sasa turuke miaka 359, tutue Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Wengi wetu tumekwenda pale na basi la shule kuona magofu ya msikiti na makaburi. Mwishoni mwa Juni 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka hapo kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Mzigo wao ulikuwa na vifaa bora vya wakati ule: sekstanti, dira, vipimajoto, na saa maalumu za kupimia longitudo.

Hebu tuelezane kwa lugha nyepesi kwa nini saa. Dunia inazunguka digrii moja kila dakika nne. Ukijua sasa hivi ni saa ngapi mahali ulikotoka, na ukalisoma jua au nyota ujue ni saa ngapi hapo ulipo, tofauti inakwambia umekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Lakini saa yako ikikosea dakika moja tu, huku karibu na ikweta unakuwa umejiweka karibu kilomita 28 nje ya ulipo. Hiyo ni zaidi ya nusu ya njia ya kutoka Bagamoyo hadi Mji Mkongwe. Dakika moja tu, jamani!

Saa zile hazikustahimili safari. Zilibebwa vichwani, zikatikiswa, zikapigwa na joto na unyevu, moja baada ya nyingine zikafa. Walichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Walichukua risasi ya bunduki, wakaifunga kwenye kamba ya inchi 39, karibu mita moja kamili, wakaining'iniza. Pendulamu ya urefu huo inapiga sekunde moja kila inapovuka. Saa ya dhahabu kutoka London imekufa, kamba na risasi vinafanya kazi. Haikuweza kutunza saa ya Uingereza kwa miezi, lakini iliweza kuhesabu sekunde wakati wa kupima mwezi na nyota, na hiyo ikatosha kuendelea.

Kipimajoto nacho kina hadithi yake. Speke alipima urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari kwa kuchemsha maji, kwa sababu kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Katika Ziwa Victoria, Agosti 1858, alipata futi 3,740. Namba ya leo ni kama 3,720. Si mchezo! Lakini Ziwa Tanganyika, miezi michache kabla, alipata futi 1,850, wakati ukweli ni zaidi ya 2,530. Amekosea zaidi ya mita 200, na kosa kubwa namna hiyo linatokana na kosa la joto lisilofika hata digrii moja ya Selsiasi. Mtu ni yule yule, mbinu ni ile ile, ziwa moja sahihi, ziwa jingine hovyo. Na pale Ujiji hakukuwa na kitu chochote cha kumwambia kwamba namba hii ni ya uongo.

Namba ile haikubaki kwenye daftari. Iliingia katika ugomvi mkubwa wa Burton na Speke kuhusu chanzo cha mto Nile: ziwa lililo chini namna ile lingewezaje kumwaga maji yake kaskazini? Burton baadaye akakishambulia kipimajoto, na kweli kilikuwa kimekosea, ila hitimisho lake kwamba Tanganyika ingeweza kuwa ya Nile ndilo halikuwa sahihi. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mkutano wa Bath ambako wawili hao walitarajiwa kukabiliana. Jibu kuhusu Tanganyika lilianza kupatikana mwaka 1874, pale Verney Lovett Cameron, aliyeondoka Bagamoyo mwaka uliotangulia, alipozunguka upande wa kusini wa ziwa na kuona kwa macho mto Lukuga unatoka kuelekea magharibi, upande wa Kongo.

Kuna mtu katika safari ya 1857 ambaye vitabu vya shule vilimpa mstari mmoja tu: Sidi Mubarak Bombay. Myao, alitekwa angali mtoto, akauzwa hadi India, akarudi Zanzibar akiwa mtu mzima. Walipofika juu ya kilima mwezi Februari 1858, Burton miguu imekufa ganzi, Speke macho karibu hayaoni, Burton akauliza ule mng'ao ni nini. Bombay ndiye aliyemjibu kwamba yale ni maji. Ndiyo Tanganyika. Saa zimekufa, kipimajoto kinadanganya, macho ya Bombay yanaona. Baadaye aliongozana tena na Speke, akaenda na Stanley, akaenda na Cameron. Kama kuna kifaa kimoja cha karne ya 19 kilichotoka Bagamoyo kikarudi kikiwa kizima mara zote, ni Bombay.

Sasa tupande angani, tusogee kidogo kusini mwa Dar. Mwishoni mwa 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imeizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilijificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia, H. D. Cutler, na ndege yake ya majini aina ya Curtiss, wakamleta kutoka Durban hadi kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia. Novemba akaruka kuitafuta meli. Aliruka bila dira. Mvua ikamfunika, akapotea, akatua kwenye kisiwa kingine kisicho na watu, ikabidi atafutwe. Hii ni moja ya safari za kwanza kabisa za ndege katika pwani ya nchi hii, na tatizo lake lilikuwa lile lile la jahazi: niko wapi? Baadaye aliiona Königsberg, na Desemba akatekwa na Wajerumani. Meli ile iliangamizwa Julai 1915, ndege zikiwaelekeza wapiga mizinga.

Miaka ya 1930 mambo yalitulia. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mwanamke, Florence Kerr Wilson, ilikuwa ikileta ndege ndogo hadi pwani. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zikaanza kupita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kwenda Durban. Marubani wa enzi hizo walikuwa na ramani ya karatasi, dira, saa, na pwani yenyewe.

Na walikuwa na ujanja mmoja ninaoupenda sana. Tuseme unatoka Unguja kwenda Bagamoyo, na mbele kuna mawingu. Ukilenga Bagamoyo moja kwa moja, ukafika pwani usiuone mji, hujui umepita kushoto au kulia. Kwa hiyo unakosea makusudi: unalenga kaskazini, mdomo wa mto Wami. Ukikutana na pwani, huna swali. Unageuka kushoto, unaiweka nchi kavu mkono wako wa kulia, na mji utakuja wenyewe. Francis Chichester alitumia ujanja wa namna hii mwaka 1931 kupata visiwa vidogo katikati ya bahari ya Tasman.

Halafu ikaja GPS. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, mali ya jeshi la Marekani. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia, ikaingia anga ya Wasovieti, ikatunguliwa, watu 269 wakafa. Baada ya hapo Rais Reagan akaahidi kwamba mfumo huo utafunguliwa kwa raia wa dunia nzima bure. Ulifunguliwa, lakini kwa masharti: raia walipewa mawimbi yaliyoharibiwa makusudi, makosa yakifika hata mita 100. Rais Clinton aliyaondoa makosa hayo Mei 2000. Fikiria: usiku mmoja, bila kununua kitu, kila mwenye GPS kuanzia Tanga hadi Tokyo akawa sahihi zaidi, kwa sababu ofisi moja Washington imeamua. Ni furaha, lakini pia ni somo.

Na ndani ya setilaiti hizo kuna nini? Saa! Ni ule ule ugonjwa wa Burton. GPS inapima muda ambao wimbi limetumia kufika kwako, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300.

Sasa ndugu yangu rubani, nikujibu.

GPS ya mkononi ya ndege, kama zile za Garmin zilizojaa kwenye ndege ndogo miaka ya 2000, ina sifa za kamal. Ni ndogo, ngumu, skrini yake inasomeka juani, ina vitufe unavyoweza kubonyeza ndege ikitikiswa, na nyingine zilitumia betri za kawaida ambazo hata duka la Bagamoyo mjini unazipata. Kasoro yake ni bei na skrini ndogo.

Kishikwambi, hasa tangu iPad ilipotoka mwaka 2010, kimewapa marubani wadogo kitu walichokuwa wanakiona kwa wakubwa tu: ramani kubwa, hali ya hewa, michoro ya viwanja, vyote gotini. Lakini kabla hujalipa, angalia mambo haya. Kwanza, iPad isiyo na sehemu ya laini ya simu haina kipokezi cha GPS ndani. Utahitaji kipokezi cha pembeni. Pili, joto: watengenezaji wa iPad wanasema itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Ndege iliyoegeshwa juani Saadani mwezi Februari inapita hapo bila aibu, na kishikwambi kikizidiwa kinajizima ili kijiokoe chenyewe, si wewe. Tatu, ramani za anga hurekebishwa kila siku 28, na lazima uzipakue ukiwa bado mjini kwenye intaneti. Nne, usifuate urefu wa GPS pale wenzako wote angani wanafuata kipimo cha shinikizo la hewa. Mita 200 za Speke zilileta ugomvi wa vitabu. Zako zitaleta ajali.

La tano wengi hawalijui. Ramani nyingi za zamani za serikali za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960. GPS inatumia mfumo mwingine, WGS 84, ambao usafiri wa anga wa kimataifa uliupokea rasmi mwaka 1998. Ukichukua namba za kiwanja kidogo cha nyasi kutoka ramani ya zamani, ukaziingiza kwenye GPS bila kubadilisha mfumo, unahama karibu mita 300. Kifaa hakijakosea, ramani haijakosea, lakini wewe uko juu ya mikoko.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi: kishikwambi kiwe cha kupangia safari na kusomea ramani, GPS ya mkononi yenye betri zake iwe ya pili, na vyote viwili viwe wasaidizi wa vifaa vilivyoidhinishwa vya ndege. Halafu chini ya vyote, dira, saa, ramani ya karatasi na macho yako. Vishikwambi viwili havihesabiki kuwa vifaa viwili, maana jua litaviua pamoja. Akiba ya kweli ni ile inayokufa kwa sababu tofauti, kama kamba na risasi ya Burton.

Usiseme haya ni mambo ya mbali. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia mgogoro wa Kongo waliripoti kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yanavurugwa Kivu Kaskazini, karibu na maeneo ya mapigano. Huko nako kunazungumzwa Kiswahili, na ndege ndogo zinabeba wagonjwa na dawa. Siku hizi tuna pia setilaiti za Ulaya, Urusi na China, na simu yako inazisoma zote. Vizuri. Lakini mawimbi yao ni dhaifu na yanakaribiana, hivyo mwenye mtambo wa kuyavuruga anaweza kuyafuta yote kwa pamoja. Ukitazama kwa makini, zote bado ni nyota za wenzetu.

Methali ile shuleni tulifundishwa kwamba inahusu bahati: kila mtu na yake, usiige. Mimi naisikia pia kwa sikio la nahodha. Nyota ya mwenzio itumie, hata Vasco da Gama aliitumia. Lakini kutoka Dar hadi Bagamoyo, ndege ya noti 100 hutumia kama dakika 20. Katika dakika hizo zima kishikwambi mara moja siku hali ya hewa ni nzuri. Andika muda ulipopita Kunduchi, angalia Mbegani inatokea lini, tafuta mdomo wa Ruvu pale maji ya matope yanapokutana na bluu. Mvua za masika zikija, uwe umeshaijua pwani hiyo bila kuulizwa.